Tiketi ya Baada ya Honi

"Esteria! Nifungulie, nakuomba!"

Kibao cha dirisha kiligongwa tena, safari hii kwa ngumi.

"Nimeshafunga, Osward. Honi imelia."

"Nimeisikia nikiwa njiani nakimbia kuja kwako. Sasa mtu anakimbia kuja kwako, unamfungia?"

"Ungekimbia asubuhi."

"Asubuhi nilikuwa na baiskeli ya mteja, imekatika ekseli. Moja tu, Esteria. Niuzie moja tu, halafu nakuacha upumzike."

Ndani ya kibanda Esteria alikuwa ameshika kalamu nyekundu, anazichora msalaba tiketi zilizobaki. Ndiyo ilikuwa sheria ya Bahati Nasibu ya Shibe, na miaka ile ya tisini hakuna mtu wa stesheni ya Mpanda ambaye hakuijua. Droo ilichezeshwa Tabora. Kila tiketi ilikuwa na vipande viwili: kimoja anaondoka nacho mnunuzi, cha pili, kishina chenye jina lake, kinatumbukizwa kwenye sanduku la bati lenye tundu juu kama sanduku la sadaka. Sanduku likishapanda treni na honi ikalia, biashara imekwisha. Watu wa Tabora waliweza kununua mpaka jioni ya kuamkia droo. Mpanda mwisho wao ulikuwa honi, na waliochelewa walirudi nyumbani wakimtukana dereva wa treni.

Siku hiyo sanduku lilikuwa tayari mikononi mwa gadi wa treni, Mzee Anicet.

"Esteria, droo hii zawadi ni mashine ya kusaga," Osward alisema, mdomo ameugandisha kwenye ufa wa kibao. "Mashine na injini yake! Unajua maana yake? Mimi naacha kunuka grisi. Mimi nakwenda Kakese kwa baba yako nikiwa na uso wa kusimama mbele yake."

"Hayo umeyasema tangu mwaka juzi."

"Leo naapa. Ikishinda hii, mashine ni yetu wawili. Posa inafika kwenu kabla mashine haijasaga debe la kwanza. Nikikudanganya nife hapa hapa."

"Usiape hivyo."

"Basi fungua."

Mwanamke anayependa, jamani, masikio yake yanasikia anachotaka. Esteria alifungua. Aliingiza mkono kwenye kitabu, akakata tiketi ambayo kalamu nyekundu ilikuwa bado haijaifikia, akaandika jina la Osward kwenye kishina. Osward aliipokea tiketi, akamshika vidole, akavibusu mbele ya wapagazi, akaondoka anapiga mluzi. Hakuuliza kishina kitafikaje Tabora. Nyuma yake mabehewa yalikuwa yanaanza kujivuta.

Esteria alibaki na kile kikaratasi kiganjani. Kukitupa ilikuwa rahisi. Osward asingejua kamwe, angedhani bahati tu imemkataa. Lakini alimpenda fundi baiskeli yule kwa ujinga wote aliokuwa nao, na posa ile aliisubiri kama mkulima anavyosubiri mvua ya kwanza.

Alitoka mbio mpaka kwa rafiki yake Kija, aliyekuwa anauza vitumbua nje ya stesheni.

"Kija, nipe baiskeli."

"Unakwenda wapi?"

"Katumba."

"Saa hizi? Kuna msiba?"

"Usiniulize, nipe tu."

Treni ya Mpanda haikuwa na haraka na mtu, na Katumba ilisimama muda mrefu kupakia magunia ya maharage ya wale ndugu waliotoka Burundi. Esteria alijua hilo. Alikanyaga pedali khanga ikiwa imefungwa kiunoni, vumbi limemjaa mdomoni, jua linamchoma utosini. Kwenye mteremko wa mchanga alianguka, goti likachunika. Akainuka, akakanyaga tena. Alipofika stesheni ya Katumba, makuli walikuwa wanapandisha magunia ya mwisho.

"Mzee Anicet! Shikamoo!"

"Marahaba. Wewe si wakala wa Mpanda? Umepaa?"

"Nina kishina kimoja, mzee wangu. Naomba nikiingize kwenye sanduku."

Mzee Anicet alitazama goti lake, akatazama kikaratasi.

"Mama, honi ya Mpanda imelia Mpanda. Hicho sasa ni karatasi ya kufungia karanga."

"Nakuomba kama baba yangu."

"Cha nani?"

Esteria alikikunja kishina kiganjani. Uso wake ulijibu badala yake. Mzee Anicet alipumua, akageukia magunia, akaanza kuwafokea makuli kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Mimi naangalia maharage," alisema bila kugeuka. "Kilichoko nyuma yangu sikioni."

Kishina kikatumbukia.

Kesho yake Osward aliiona bandeji kwenye goti.

"Umefanyaje?"

"Nimejikwaa."

"Uwe unaangalia mbele," alimwambia, akaendelea kuziba pancha.

Esteria hakumwambia. Ile safari ya Katumba aliiweka kama mtu anavyoweka nguo mpya. Alitaka kumsimulia siku ya harusi yao, wacheke wote wawili mpaka wageni waulize kuna nini.

Matokeo yaliposomwa redioni, Esteria alikuwa Nsemulwa, nyumbani kwa shangazi yake Nyanzala aliyekuwa anaishi naye.

"Mshindi wa mashine ya kusaga nafaka, pamoja na injini yake," mtangazaji alisema, "ni Bwana Osward, fundi baiskeli, wa Mpanda!"

Shangazi Nyanzala alipiga kigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Osward mwenyewe alifika mbio, shati halijafungwa vifungo, akamnyanyua Esteria juu.

"Si nilikwambia? Si nilikwambia mimi!"

"Niteremshe, watu wanaona!"

"Waone! Mke wa tajiri huyu!"

Ile ilikuwa mara ya mwisho kumwita mke.

Wiki iliyofuata Osward alikuwa na shughuli. Nyingine alikuwa amechoka. Iliyofuata tena alikuwa "ametoka kidogo". Esteria alimtetea mbele ya kila mtu. Mwanaume anajipanga, alisema, mashine si kitu kidogo. Mpaka mchana mmoja, yeye na Kija wamekaa kibandani wanasikiliza kipindi cha salamu, wakamsikia mtangazaji:

"Kadi hii ni ya Osward, mzee wa mashine, akiwa Mpanda. Anamsalimu Monika binti Gaspar wa Shanwe, anawasalimu wakwe zake watarajiwa Mzee Gaspar na mama, na ujumbe wake unasema: ya nyuma yamepita, wangu ni wewe."

Kija alizima redio. Alikuwa amechelewa.

"Wakwe?" Esteria aliuliza.

"Shoga yangu..."

"Kija, wewe ulijua?"

"Nimesikia sikia. Watu wanamwona kwa Mzee Gaspar kila jioni. Nilidhani anakwenda kwa ajili ya banda."

"Banda gani?"

"Lile banda kubwa la pale barabarani Shanwe. Mzee Gaspar amelipiga plasta upya. Wanasema mashine itafungwa humo."

Esteria aliacha kibanda wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda moja kwa moja kwa Osward. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, hana hata baiskeli moja mbele yake. Alikuwa ameshaacha kazi kabla utajiri haujafika.

"Monika ni nani kwako?"

"Karibu kwanza."

"Sikuja kukaribishwa. Monika ni nani kwako?"

Osward alijikuna shingo. Afadhali angeona aibu. Aliona usumbufu tu.

"Esteria, tuongee kama watu wazima. Mashine haifungwi chini ya mti. Inataka banda, inataka mahali penye watu. Mzee Gaspar ana banda."

"Na binti."

"Na binti, ndiyo. Ndivyo maisha yalivyo."

"Uliniahidi, Osward."

"Nilikuahidi mbele ya nani? Nani alisikia?"

"Mimi nilisikia!"

"Maneno ya dirishani hayo. Mtu akitaka tiketi anasema chochote."

Esteria alisogea hatua moja mbele.

"Ile tiketi bila mimi usingeipata."

"Kwani ulinipa bure? Nilinunua. Wewe uliniuzia kama unavyomuuzia mtu yeyote."

Hapo ndipo alipoharibu. Angemwambia ni mbaya wa sura, angemwambia familia yao ni ya wachunga ng'ombe, pengine Esteria angelia, angepona. Lakini mtu yeyote? Goti lilikuwa bado lina kovu. Aligeuka akaondoka, na Osward, maskini, akadhani mambo yamekwisha salama.

Jioni ile alimweleza shangazi yake yote, Katumba na kila kitu. Shangazi Nyanzala alishika mdomo.

"Mayu weee! Ulifukuza treni kwa ajili ya mwanaume?"

"Nilifukuza."

"Na yeye hajui?"

"Hajui. Anajua tu nilimfungulia dirisha. Kishina kilivyofika, linajua sanduku, na mimi, na Mungu."

"Basi muachie Mungu."

"Mungu ana kazi nyingi, shangazi. Hii nitaifanya mwenyewe."

Shangazi alielewa, na macho yakamtoka. Kampuni ile ilikuwa na utaratibu wake. Miaka ya nyuma kulitokea manung'uniko ya tiketi za mlango wa nyuma, kwa hiyo siku ya kukabidhi zawadi afisa kutoka Tabora alimsimamisha wakala mbele ya watu wote, akamuuliza kama tiketi iliyoshinda aliiuza yeye, na kama aliiuza kabla ya honi. Wakala akijibu ndiyo, zawadi inakabidhiwa. Watu walilizoea swali lile kama wanavyozoea "amina" kanisani. Hakuna aliyewahi kusikia jibu lingine.

"Esteria, ukisema hapana, wewe ndiye wa kwanza kufukuzwa."

"Najua."

"Hiyo kazi ndiyo inayokuvisha. Ndiyo inayomtibu baba yako."

"Najua, shangazi. Lakini nataka alie."

"Atalia, na wewe utalia."

"Sawa. Aanze yeye."

Siku ya kuamkia makabidhiano, jua likiwa linaelekea kuzama, Osward alifika Nsemulwa amebeba sukari na mche wa sabuni. Kwa sekunde moja tu, na hilo Esteria alilijutia baadaye, moyo ulimruka akadhani amerudi.

"Hamjambo humu?"

"Hatujambo. Kaa."

"Najua umenikasirikia."

"Nimekasirika, ndiyo."

"Ni haki yako. Ila mimi si mtu mbaya, Esteria. Nimekuletea sukari."

"Naiona."

Osward alisogeza kigoda karibu, akashusha sauti.

"Kesho yule afisa wa Tabora, Bwana Apollinarie, atakuuliza lile swali."

"Swali gani?"

"Usijifanye. Kama uliniuzia kabla ya honi. Wewe sema ndiyo, mambo yaishe."

"Na nikisema ndiyo?"

"Sitakusahau. Mashine ikianza kazi, mahindi ya humu ndani mtasaga bure."

"Mwaka mzima?"

"Hata miwili!"

Alisema hivyo kwa ukarimu kabisa, kama mfalme anagawa kijiji. Esteria aliuma mdomo asicheke, kwa sababu kile kicheko kingetoka na machozi.

"Osward, nikuulize. Ulinipenda hata siku moja?"

"Nilikupenda, mbona. Lakini mapenzi ni kitu kingine na maisha ni kitu kingine."

"Nimekuelewa."

"Kwa hiyo?"

"Nenda kalale. Kesho nikiulizwa nitajibu."

"Nilijua wewe ni muungwana," Osward alisema, akainuka. "Na uvae vizuri. Nimemleta mpiga picha."

Alipotoka, shangazi Nyanzala alinyanyua ile sukari, akauliza waitupe. Esteria akasema sukari haina kosa, bandika chai. Wakanywa ya kuzidi utamu.

Stesheni ilifurika. Mashine ilikuwa imeshushwa kwenye behewa, imewekwa jukwaani, ya kijani, inang'aa, shingo yake imefungwa utepe. Osward alivaa koti la kuazima lililomzidi mabega. Monika alisimama pembeni yake, mrembo kweli, tusimnyime, nywele zimepigwa dawa, mkono ameuegemeza kwenye mashine kana kwamba ndiyo bwana harusi. Mzee Gaspar alikuwa ameleta trekta na tela la kubebea. Padri alikuwa ameshatangaza ndoa yao kanisani, ilibaki tangazo la mwisho.

Bwana Apollinarie, afisa wa Tabora, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alisoma hotuba yake, akapigiwa makofi, akageuka.

"Sasa, kama ilivyo desturi yetu, namwita wakala wetu wa Mpanda. Dada Esteria, sogea."

Esteria alisogea. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Tiketi hii iliyoshinda, umeiuza wewe?"

"Nimeiuza mimi."

"Na uliiuza kabla ya honi ya treni?"

"Hapana."

Bwana Apollinarie alikuwa ameshaanza kupiga makofi. Mikono ikamsimamia hewani.

"Samahani?"

"Hapana, bwana. Niliiuza honi ikiwa imeshalia."

Watu walinong'ona. Osward alicheka kicheko kikavu.

"Ana wivu huyu! Bwana mkubwa, huyu alikuwa ananitaka, naoa kwingine, sasa amechanganyikiwa. Mimi nilinunua mapema!"

"Dada," Bwana Apollinarie alisema taratibu, "kama honi ilikuwa imelia, kishina kilifikaje Tabora? Mimi mwenyewe nilikishika mkononi."

"Nilikipeleka."

"Ulikipeleka wapi?"

"Katumba. Niliazima baiskeli nikaifukuza treni. Huyu alikuwa ameniahidi ndoa, bwana. Aliniambia mashine ni yetu wawili. Nilianguka njiani, kovu hili hapa. Nilifika treni inapakia maharage, gadi amenipa mgongo, nikatumbukiza kishina. Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Lakini tiketi ile si halali, na mimi siwezi kusimama hapa niseme ni halali ili mtu akafungie mashine kwenye banda la mwanamke mwingine."

Nyuma kabisa ya umati, Mzee Anicet alivua kofia yake, akaivaa tena. Osward alikuwa amemkodolea Esteria macho. Habari ya Katumba ilikuwa mpya kwake, na ilionekana wazi kwamba ilikuwa mpya.

"Muongo!" alipata sauti. "Nani alimwona akifukuza treni? Bwana mkubwa, ushahidi uko wapi? Ni neno lake na langu!"

Na hapo alikuwa na haki. Bwana Apollinarie alipangusa jasho. Neno la mwanamke aliyeachwa, mbele ya mshindi mwenye tiketi mkononi na mkwe mwenye trekta, lilikuwa neno jepesi. Esteria aliliona hilo usoni kwa yule afisa. Amejifukuzisha kazi bure.

Ndipo Monika akashindwa kujizuia. Alikuwa amesimama pale anasikia habari za mwanamke aliyempenda bwana wake kiasi cha kufukuza treni, na watu wanaanza kumhurumia yule mwanamke badala ya kumtamani yeye. Nani angevumilia?

"Katumba gani wewe!" alifoka. "Baiskeli gani! Usitafute sifa hapa. Wewe ulichofanya ni kufungua dirisha tu! Osward kanisimulia mwenyewe, treni inaanza kutembea, yeye anakudanganya na posa ya Kakese, na wewe unafungua kama mbuzi kaonyeshwa majani. Tulicheka mpaka machozi!"

Stesheni nzima ikamgeukia Monika.

"Monika," Mzee Gaspar alisema, "nyamaza."

"Si namjibu, baba! Anajifanya—"

"Nyamaza nimesema!"

Bwana Apollinarie alikuwa ameshageuka.

"Binti, rudia. Treni ilikuwa inaanza kutembea?"

Monika alirudi nyuma hatua moja. Alimtazama Osward, na Osward alimtazama kwa jicho ambalo mchumba hatazamwi nalo.

"Bwana Osward, ulimwambia hivyo mchumba wako?"

"Ulikuwa... ulikuwa ni utani, bwana."

"Utani wa posa ya uongo, au utani wa treni?"

Mtu mmoja alicheka, halafu wa pili, halafu stesheni yote. Kija alicheka mpaka akakalia sinia lake la vitumbua. Osward alipiga magoti pale jukwaani, koti la watu linafagia vumbi.

"Bwana mkubwa, nisamehe! Nimeshaacha kazi yangu! Vifaa nimeuza!"

"Simama, ndugu yangu. Mashine inarudi Tabora, droo itarudiwa." Kisha akamgeukia Esteria, na upole wake haukupungua. "Na wewe dada, unajua kwamba kazi huna tena."

"Najua. Ufunguo wa kibanda huu hapa."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningenyamaza ningeumwa, bwana."

Wapagazi waliizungushia mashine kamba kuirudisha behewani. Osward aliinuka, akamkimbilia Mzee Gaspar aliyekuwa anapanda trekta.

"Mzee, mambo ya harusi yanaendelea, si ndiyo? Mimi na Monika..."

"Wewe na Monika mna nini?"

"Tunapendana, mzee!"

"Banda langu nimelipigia plasta kwa ajili ya mashine. Una mashine?"

"Sina, lakini—"

"Basi kijana, nitafutie mpangaji wa banda. Monika! Panda twende."

Monika alipanda kwenye tela tupu, akaketi akiwa amewapa watu kisogo. Hakumtazama hata mara moja. Trekta likaunguruma likaelekea Shanwe, na padri hakulitoa lile tangazo la tatu.

Watu walipopungua, Osward alimfuata Esteria pale nje. Alikuwa analia kweli, machozi ya mtu mzima, kamasi na vyote.

"Umeniua, Esteria."

"Nimekusikia."

"Kweli ulikwenda mpaka Katumba?"

"Nilikwenda."

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini? Ungeniambia siku ile ile, nisingekuacha! Nani angemuacha mwanamke wa namna hiyo?"

Maneno yale yalimgusa, tusidanganyane. Alisimama akamwangalia, akajaribu kwa haki kabisa kumwona mwanaume ambaye angebaki. Akamtafuta pale kwenye yale macho mekundu, hakumpata.

"Ungeniacha, Osward. Ungeniacha huku unashukuru."

"Basi tuanze upya. Sasa tuko sawa, mimi sina kitu na wewe huna kitu. Nakuja Kakese hata kesho, kwa miguu."

"Usije."

"Sasa umefaidi nini? Hebu niambie! Kazi huna, mume huna, mashine imekwenda. Umefaidi nini?"

Esteria alimtazama kuanzia kwenye koti la kuazima mpaka kwenye magoti yenye vumbi, polepole, bila kuona aibu hata chembe.

"Hiki ninachokiona," alisema.

Akamshika Kija mkono wakaondoka. Osward aliita jina lake, akaliita tena, mpaka makuli wakamwambia anyamaze wanafanya kazi.

Wiki nzima kabla ya siku ile chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Jioni hiyo Esteria aliketi na shangazi yake barazani, wakala ugali kwa mlenda na samaki wa kukaanga. Shangazi alikuwa anahesabu matatizo moja moja: kodi, dawa za baba, watu watasema nini, kazi itatoka wapi. Esteria aliitikia kila moja, akakiri kwamba ni kweli, kwamba kesho wataanza kufikiri. Kisha akausogeza mkono kwenye sahani, akaomba aongezewe.